Mpya na Wa Zamani

Yule fundi kompyuta aliitwa Bisibisi, na jina hakulipata kwa kufungua skrubu tu. Mteja mmoja aliwahi kumshika kiuno kibandani kwake, naye akamchoma bisibisi kiganjani hadi ikatokeza upande wa pili. Tangu hapo hakuna aliyemwita jina jingine, wala aliyemshika kiuno. Hasira zake zilikuwa karibu kama ulimi na meno. Mdogo wake, mshona nguo, alikuwa kinyume chake: likimfika la kuogopesha, anacheka. Si dharau, ndivyo alivyoumbwa.

Huyo mdogo mtu alikuwa na kompyuta aliyohifadhia mitindo ya nguo, nayo ikaliwa na virusi. Bisibisi akaiwekea mfumo mwingine kabisa wa kuiendesha, na ule ulioharibika akaufuta. Kilichobaki ni jina la mfumo huo tu, kwenye orodha inayojitokeza ukiwasha mashine. Bisibisi alikuwa na mtindo wake: wateja wanatishwa na majina marefu ya kigeni, kwa hiyo yeye huyaandika kwa Kiswahili. Huo mfumo uliowekwa akauita Mpya, na ule uliofutwa, Wa Zamani. Kulitoa jina lisilo na mwenyewe ni kazi ndogo sana, lakini umeme ukakatika, akasema atapita kesho. Kesho ikazaa kesho, nanyi mnajua ngoja ngoja huumiza matumbo.

Matumbo hayakuwa yake. Asubuhi moja shemeji yake, mume wa huyo mdogo, dereva wa lori mwenye wivu wa kunusa hata nguo zilizoanikwa, aliiwasha kompyuta atazame filamu. Kioo kikamwandikia: *Chagua mmoja. Mpya. Wa Zamani.*

"Huyu mpya ni nani?" akauliza.

"Ni mfumo, baba watoto. Dada ndiye kauweka."

"Na huyu wa zamani?"

Hapo mkewe akaogopa, na alipoogopa akacheka.

Mume alimpiga kwa pasi. Ilikuwa ya baridi, na hiyo ndiyo huruma pekee aliyoipata mwanamke yule siku hiyo. Alimpiga mdomoni, kicheko kikakatika, akampiga jichoni, kisha akampiga popote pasi ilipoangukia.

Bisibisi alifika mchana, radhi za kuchelewa zikiwa mdomoni. Alikuta damu kwenye gauni la mteja lililoshonwa nusu, na mdogo wake sakafuni, ameegemea miguu ya cherehani, jicho limevimba hadi likafumba. Shemeji mtu alikuwa mbele ya kompyuta, pasi mapajani.

"Afadhali umekuja, shemeji. Nitolee huyu mwanamume humu ndani."

Bisibisi alisoma kioo akaelewa yote kwa pamoja. Mkono ukaingia wenyewe mkobani, kwenye bisibisi. Mdogo wake akatikisa kichwa: usifanye. Basi akaketi. Akafungua mipangilio ya kuwashia, akalichagua lile jina, akalifuta. Akazima, akawasha. Mashine ikapita moja kwa moja bila kuuliza mtu chochote.

Shemeji alikodoa macho. "Kumbe yalikuwa mambo ya mashine!" Akapiga magoti, machozi yakamtoka kweli. "Mke wangu, nisamehe. Mimi nilidhani ni mtu."

"Kosa ni langu," Bisibisi akasema. "Mimi ndiye niliyeliacha jina."

"Umesikia?" Shemeji akalidaka upesi. "Kosa ni la dada yako."

Kutoka sakafuni mke akauliza, maneno yakipita kwa taabu kwenye midomo iliyopasuka, "Na angekuwa mtu?"

"Eti?"

"Angekuwa mtu kweli, ungefanyaje?"

"Ningekuua," akajibu, kwa wepesi wa mtu aliyeulizwa jina lake.

Safari hii mke hakucheka. Alijivuta, akavaa ndala. "Dada, nibebee kichwa cha cherehani. Tuwafuate watoto shule."

Mume akainuka na pasi. Bisibisi hakumngoja. Alinyakua ubao wa kukatia nguo akampiga nao mkono, pasi ikaanguka. Akampiga magotini, naye akaanguka. Pigo la tatu halikuhitajika, lakini alilitoa, la mdomoni, na akaona raha. La nne mdogo wake alilizuia kwa kumshika kiwiko.

Walitoka, Bisibisi na kichwa cha cherehani begani, majirani wakiwatazama kupitia madirishani. Walikuwa wameusikia ugomvi tangu asubuhi. Mdogo mtu alitema damu barabarani, akaendelea kutembea.

"Ningepita siku ile, haya yote yasingekuwepo," Bisibisi alisema huku analia. "Jina moja tu, mdogo wangu. Jina moja!"

"Acha, dada. Kabla ya jina ilikuwa chumvi kuzidi. Kabla ya chumvi ilikuwa simu niliyochelewa kupokea."

Bisibisi hakuwa amewahi kusikia habari za chumvi wala za simu.