Vitambaa Vyekundu vya Mbithe

Mbithe nimemjua tangu alipohamia Isinya, mwaka ule mvua ilikata barabara ya Namanga magari yakalala njiani siku tatu. Alikuja na bwana yake, godoro moja na vifaranga kumi ndani ya katoni. Bwana yake tulimzika kitambo. Kuku wako mpaka leo. Mimi ni Waruguru, jirani yake, wengi huniita Mama Gakuru. Shamba langu na lake ni waya tu imetutenganisha. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hii habari nimeiandika kwa sababu nilikuwepo, na wengi wanaoisimulia hapa sokoni hawakuwepo.

Mbithe ako na binti mmoja, Nzula. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akadungwa sindano wiki nzima. Zilimwokoa. Lakini siku aliporudi nyumbani mama yake alimwita kutoka mlangoni, na mtoto akaendelea kucheza na kikombe. Daktari alieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo vya kusikia, kwamba ugonjwa ule unaweza kuviua, na hata dawa yenyewe kali inaweza. Vya binadamu vikifa havioti tena.

Mbithe hakukaa chini kulia. Alijifunza kuongea kwa mikono, akamsomesha Nzula shule ya viziwi, halafu chuo kikuu, yote kwa mayai. Nzula akatoka na digrii ya biolojia, na kitu alichotaka kilikuwa kimoja tu. Nje ya Kitengela kulikuwa kumefunguliwa maabara ya watu wanaochunguza seli shina. Hizo ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini mwilini, nao wanajaribu kuzifundisha kuwa vinywele vya sikio. Nafasi ilikuwa moja. Nzula aliomba, wakamkataa. Mkubwa wao, Daktari Leshan, mtu wa hapa hapa Kajiado, alimwandikia kwamba swali alilotaka kuchunguza limetoka kwenye vitabu vya wengine. Alete la kwake kabla ya Desemba.

Mwezi huo huo ugonjwa uliingia kwa kuku. Mbithe alinunua dawa ya sindano akaambiwa siku tatu. Yeye akadunga siku kumi, asubuhi na jioni. Ndivyo alivyo, hata chumvi huongeza. Kuku hawakufa, lakini kumi na tisa walibadilika. Mbithe huwaita kula kwa kugonga mkebe wa rangi na kijiko. Wenzao walikimbia, hao kumi na tisa wakabaki wakichakura tu.

"Mama Nzula," nikamwambia, "hao wameharibika. Chinja. Mimi nitachukua wawili."

"Unataka kula dawa, Mama Gakuru? Ngoja itoke mwilini kwanza."

Hapo alikuwa na haki. Kuku aliyedungwa haliwi, na mayai yake hayauzwi, mpaka siku zake ziishe. Kwa hivyo akararua leso kuukuu, akafunga kila mmoja kitambaa chekundu mguuni asije akamchanganya na wengine. Mimi nikahesabu siku nikingojea nyama yangu.

Wiki ya nne, asubuhi, nilimsikia akipiga kelele nikadhani ni nyoka. Nikaruka waya, na miaka yangu hii! Alikuwa ametoka kugonga mkebe, na miguuni pake kuku wamejaa, vitambaa vyekundu kila mahali.

Nzula alipofika Jumamosi, mama yake alimweleza kwa mikono mpaka jasho likamtoka. Nzula akacheka, akaniandikia kwenye simu: "Wasomi wanajua hilo miaka mingi. Ndege akipoteza vinywele vya sikio, vinaota tena." Halafu akaacha kucheka. Akawaangalia kuku muda mrefu. Akaandika tena: "Lakini kumi na tisa, dawa moja, siku moja! Ni yupi masikio yake yaliamka kwanza, na ndani yake kulianza nini?"

Swali lake hilo. Akalituma kwa Daktari Leshan.

Daktari Leshan alikuja mwenyewe, na wenzake wawili. Akasalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," na Mbithe, Mkamba mzima, akajibu, "Iko," bila kigugumizi.

"Mama, unajuaje ni kuku wale wale?"

"Kitambaa."

Akainama, akaangalia miguu, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Lakini labda hawasikii. Labda wanakuona tu na mkebe."

"Mimi nionekane?" Mbithe akamwangalia juu mpaka chini. "Haya. Simama hapo hapo, daktari, na usiondoe macho kwa kuku."

Akazunguka nyuma ya mabati ya choo, asionekane hata na kunguru. Tukangoja. Nzula alikuwa kando yangu, amenishika mkono, na hangeweza kujua mama yake atagonga saa ngapi.

Mkebe ukalia.

Vichwa vikainuka vyote pamoja, halafu wakatimua mbio kuelekea mabatini, vitambaa vikipepea. Nzula aliposoma shingo za kuku alijua mkebe umelia. Akaruka juu kama msichana wa shule. Mmoja wa wale wageni alikuwa amesimama njiani, akakanyagwa viatu.

Leshan alicheka mpaka akashika ukuta. Akamgeukia Nzula, akaongea polepole ili amsome midomo: "Utaanza Jumatatu. Na hao kumi na tisa wasichinjwe."

Sasa ni mwaka wa tatu. Juzi Nzula alitupeleka Kitengela, akatuonyesha kwenye hadubini. Seli zilizokuwa duara tupu zilikuwa zimeanza kuota vinywele, laini kama manyoya ya kifaranga wa siku moja. Bado ziko kwenye kisahani, hazijaingia sikio la mtu, na Nzula haongezi chumvi kama mama yake. Lakini zimeota. Mbithe aliangalia, akanipisha, akarudi kuangalia tena, mara nne.

Wale kuku wangu wawili sikuwahi kuwala. Nimewasamehe.