Saa Aliyokataa Kuifungua

Watu walimwita Sifungui, na jina hilo alijipa kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na duka la viatu, upana wake meza moja na mtu mmoja. Ukimpelekea saa feki, hakuigusa kwa bisibisi. Aliitazama kwa lenzi, akaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza mfupa pembeni ya sahani, akasema, "Hii sifungui."

Waliomkera kuliko wote ni wenye saa za kupimia mbio, zile nene zenye vijisaa vitatu usoni na vitufe viwili ubavuni. Orijino zake huvaliwa na matajiri. Kopi zake huvaliwa na kila anayetaka kukopa utajiri kwa jioni moja. "Hebu bonyeza kitufe cha juu," angemwambia mwenye saa. Anabonyeza, kimya. "Umeona? Kitufe cha pambo, kama mfuko wa suruali ulioshonwa mdomo. Orijino ukiibonyeza, mshale mrefu unaondoka papo hapo. Ukiurudisha, unasimama penye kumi na mbili, haupishani hata unywele. Na herufi zako hizi zimevimba, utadhani zimeumwa na nyuki." Kinyozi alikuwa radhi kumwacha mteja na nusu kichwa ili aje kucheka.

Tuseme haki, macho yake yalikuwa makali. Tabu ni kwamba sifa zilipozidi aliacha kuwa fundi, akawa hakimu. Mikono ilipumzika, ulimi ukafanya kazi ya vyote viwili.

Siku hiyo akaja dereva mstaafu wa garimoshi, mzee mkimya, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata. Saa yake ilikuwa na hadithi ambayo mtaa mzima uliijua. Enzi za ujana wake breki zilikataa kwenye mteremko, naye akahangaika na garimoshi lile mpaka likasimama hatua chache kabla ya stesheni iliyojaa watu. Mhandisi mkuu alivua saa mkononi mwake mwenyewe, akamvisha hapo hapo. Hapakuwa na boksi wala cheti. Sasa mkwewe, aliyekuwa na saa kubwa kama kifuniko cha sufuria, alikuwa amemwambia mbele ya wajukuu kwamba wakubwa hawagawi orijino kwa madereva. Mzee alitaka neno la fundi tu, akalale kwa amani.

Kibandani watu walikuwa saba, kinyozi mmojawapo. Sifungui akatia lenzi jichoni. Akabonyeza, mshale mrefu ukaondoka. Akaurudisha, ukasimama umeipita kumi na mbili kidogo, unene wa uzi.

"Mzee, umeona mwenyewe," akasema. "Orijino hairudi hivi. Halafu tazama mshale huu mdogo wa chini, umbo lake si la wenzake. Kiwandani hawaunganishi mapacha na mtoto wa jirani."

"Fundi, hiyo saa iliwahi kupelekwa—"

"Sihitaji historia, mzee. Kila feki ina historia. Ile isiyo na historia ndiyo orijino."

Watu wakacheka.

"Ifungue basi, uitazame ndani," mzee akasema.

"Hii sifungui."

Mzee alichukua saa yake, hakuivaa, akaitia mfukoni. Akawaaga wote kwa adabu, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyestahili.

Baada ya wiki tatu alikuja mke wake. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akaiweka saa mezani.

"Fungua," akasema.

"Mama, hizi mimi huwa—"

"Mwanangu, nimezijua tabia zako kabla sijafika hapa. Mume wangu haongei. Wajukuu wakimwambia, babu, tusimulie ya breki, anasema hayakutokea. Mhandisi amekuwa mwongo machoni pake, na yeye amejiona mjinga miaka yote hiyo. Kama ni feki, nataka niuone ufeki wake kwa macho yangu. Fungua."

Mwanamke wa namna hiyo hungoji akuambie mara ya tatu. Sifungui akaugeuza mfuniko wa nyuma, ukakaza, ukalegea, ukatoka. Mashine iling'aa, kila gurudumu mahali pake, kazi ambayo hakuna mwigaji anayejisumbua kuifanya pasipoonekana. Ilikuwa orijino mpaka kwenye skrubu. Laiti yangeishia hapo angepata pa kujitetea. Lakini aliugeuza ule mfuniko upande wa ndani, na pale palikuwa pamechorwa kwa ncha ya sindano mwaka, mwezi, mstari mmoja na nukta mbili.

Alama ile ilikuwa yake. Mwalimu wake wa ufundi, marehemu sasa, alimlazimisha kila mwanagenzi achore alama ndani ya saa aliyoitengeneza, ili kazi mbovu imjue baba yake. Mwaka ule Sifungui alikuwa mwanagenzi wa miezi minne, chumba cha nyuma, hajawahi kuonana na mteja hata mmoja. Ikaletwa saa imevunjika mshale mdogo. Stoo hapakuwa na wa aina ile, akapachika wa saa nyingine. Mshale mrefu alioung'oa ili afike chini, akaurudisha umepinda upande unene wa uzi. Hayo makosa mawili aliyoyasomea hukumu yalikuwa ya mikono yake. Nyani haoni kundule, lakini huyu alilitia kwenye lenzi na bado hakulijua.

"Unasemaje?" mama akauliza.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Ni orijino, mama. Kosa ni langu. Tangu zamani."

Alimpelekea mzee saa yake jioni hiyo, akasema yote akiwa amesimama. Akaomba aachiwe saa anyooshe mshale na kutafuta ule mwingine unaostahili, bure.

Mzee akaivaa. "Mshale uache," akasema. "Ulininyang'anya mbele ya watu saba. Nirudishie mbele yao."

Ndipo Sifungui akajua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alianza na kinyozi, akamweleza alama, mwanagenzi, mshale. Kinyozi alicheka hadi akashika ukuta.

"Mama amekubana, eh? Nimekuelewa, kaka. Mzee afurahi, basi."

"Nimeifungua. Nimeona kwa macho yangu."

"Si ndiwe uliyetufundisha? Feki haina haja ya kufunguliwa." Akarudi kwa mteja wake.

Wengine sita walimjibu vivyo hivyo, mmoja hata akampongeza kwa moyo wa huruma. Mkwe wa mzee alisema anaheshimu neno la fundi, lile la kwanza.

Siku hizi dereva mstaafu hupita kibandani kila asubuhi anapotoka kununua mkate. Wateja wawepo wasiwepo, huweka mkono juu ya meza, akabonyeza, akauacha mshale utembee kidogo, akaurudisha. Unasimama pale pale ulipopinda. Wajukuu wake wanasimuliwa ya breki tena, kwa hiyo si kwa ajili yao anakuja.

"Ni orijino," Sifungui huwaambia waliopo. "Mimi ndiye niliyeiharibu."

Watu hucheka. Mzee humtakia kazi njema, akaenda zake na mkate wake.