Nyama Iliyokuwa Nyekundu Buchani

Hamtaamini, na sitawalazimisha. Hata mimi, niliyeishia darasa la nne kwa sababu walimu walichoka kujibiwa, nisingeamini kama aliyepatwa na haya asingekuwa mpwa wangu, fundi cherehani wa pale kwenye kona. Naandika haya kwenye benchi la duka lake, yeye akinipindia suruali, nami nikisoma kwa sauti kila neno kama nilivyozoeshwa shuleni.

Mpwa huyu ameolewa na fundi rangi. Mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: anayaamini macho yake. Nyama ya Jumapili hununua yeye, kwa kuwa eti nani anajua wekundu kumzidi mtu aliyepaka nusu ya nyumba za mtaa? Huingia buchani, hunyooshea kidole pande jekundu kuliko yote, hurudi nyumbani kifua mbele utadhani ng'ombe kamchinja yeye.

Nyama ikiingia sufuriani, kazi inaanza. Saa ya kwanza, ngumu. Saa ya pili, ngumu. Saa ya tatu mkaa umekwisha, mpwa wangu ameshika tama, na mama mkwe, ambaye meno yake yamebaki ya kuhesabu, anakihamisha kipande kimoja kutoka shavu hili hadi lile, halafu anakitoa taratibu na kukiweka kando ya sahani. Anashusha pumzi tu. Miaka sita ya kushushiwa pumzi namna hiyo, wewe ungevumilia?

Kila mpwa wangu akimwambia mumewe kwamba kosa liko buchani, hujibiwa kwamba nyama ilikuwa nyekundu kama ua. Mwishowe mama mkwe akafungua kinywa: Jumapili wifi atakuja kupika, mke apumzike. Apumzike, katika jiko lake mwenyewe. Siku ile mpwa wangu alishona mkono wa shati juu chini, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Wifi akaja na mwiko wake kutoka kwao. Akachemsha, akaongeza maji, akafunika, akafunua. Saa ya tatu jasho likamtiririka, nyama imegoma vilevile. Mama mkwe akatafuna, akashusha pumzi, akasema labda sufuria za nyumba hii zina kasoro.

Hapo uvumilivu ukamwishia mpwa wangu. Kilikuwa kimebaki kipande kibichi. Akakitoa uani, akakiweka juani, kama afanyavyo na kila kitambaa kabla ya kukikata, kwani rangi ya ndani ya duka haiamini. Nyama ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nyuzi nene kama kamba, mafuta yake manjano. Ng'ombe aliyekula chumvi nyingi huyo.

"Mama, njoo uone ninachopewa nipike," akasema.

Mama mkwe akainama, akabonyeza kwa kidole, akamgeukia mwanawe. "Hii ndiyo nyekundu yako?"

"Buchani ilikuwa nyekundu, mama."

"Kuta za bucha ile nani alizipaka?"

Fundi rangi akatazama viatu vyake. Kuta, dari, hadi kifuniko cha taa, vyote vyekundu, kazi ya mikono yake, mwaka uleule aliooa.

"Mle ndani hata mimi ni mwekundu," akasema mama mkwe. Kuanzia leo, mke anunue.

Mnadhani mpwa wangu aliombwa radhi? Thubutu. Aliambiwa tu kwamba sufuria hazina neno.

Wiki iliyofuata akaenda buchani, mume akimfuata nyuma na kumnong'oneza, "Chukua lile jekundu." Mpwa wangu akataka kwanza aione nyama nje. Mwenye bucha akagoma. Basi, ndugu zangu, mwanamke yule akanyakua mguu mzima wa ng'ombe, akautia begani, akautoa hadi katikati ya barabara, magari yakasimama, watu mia mbili wakaanza ku—

"Mjomba. Ilikuwa nusu kilo, na nilisimama kizingitini. Ilikuwa ya kahawia, nikaikataa. Jumapili tulikula maharage, na mama mkwe akashusha pumzi vilevile. Andika hayo."