Udongo Ndani ya Karai

Mwaka juzi, kabla ya mvua ya masika, Lornah Apiyo wa Seme alichimba mashimo mia mbili na kumi na mawili. Katika kila shimo alitia makopo mawili ya samadi iliyooza, akaichanganya na udongo wa juu, kisha akaacha shimo lishuke kidogo chini ya usawa wa shamba ili maji yakusanyike humo. Alikuwa amefundishwa hivyo katika shamba la mfano karibu na Kombewa. Msimu uliotangulia mahindi yake yalikauka kabla ya kuzaa, na nyumba yake ikala kwa kuomba.

Mvua ilinyesha tarehe kumi na tisa Machi. Mashimo yakajaa. Lornah hakupanda.

Alikuwa mke wa pili wa marehemu Odongo. Kwa desturi yao Wajaluo, mke mkubwa ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini. Mdogo akimtangulia, ni kama amemhesabu miongoni mwa wafu. Na mke mkubwa, Rachael Akello, alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa figo.

"Ngoja," alisema Opondo, shemeji yao. "Atarudi."

"Mzee, unyevu haungoji."

"Basi panda. Akifa tutajua wa kumuuliza."

Alingoja siku nane. Kila asubuhi alichomeka kidole shimoni kupima unyevu. Siku ya kwanza ulikuwa juu kabisa. Siku ya nane aliupata kwenye kiungo cha pili. Siku ya tisa alichota udongo wa shimo la kwanza, akautia kwenye karai, akafunga mbegu katika leso, akaenda hospitali.

Wagonjwa walipoliona karai waligeuza nyuso. Mtu aliyelala kitandani haletewi udongo. Lornah hakuwa amelifikiria hilo. Alifikiria mbegu tu. Akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi.

Rachael aliinua kichwa. "Nyieka," alimwita, kama wake wenza wanavyoitana, "umeniletea kaburi mapema? Na dogo hivyo! Miguu nitaiweka wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Lornah akaanza kulia.

"Nisamehe, Mama. Sikufikiri. Nilitaka tu uanze."

"Kama ni kulia, lilia kwenye karai, angalau udongo upate maji. Leta mbegu."

Alipanda tatu kwa kidole kilichovimba, akazifukia, akapapasa juu.

"Samadi hii ni ya ng'ombe wangu mweupe?"

"Ni yake."

"Basi itaota. Nenda, usichelewe."

Lornah aliurudisha udongo ule na mbegu zake katika shimo la kwanza, akapanda mpaka jioni, akamaliza kesho yake. Siku ya nne baada ya kwenda hospitali, Rachael alifariki. Mbegu zilikuwa bado hazijachomoza.

Matangani Opondo alisema mbele ya watu wote, "Mgonjwa amepelekewa udongo kitandani. Mlitarajia nini?" Aliyecheka siku ile wodini hakuwepo kumjibu.

Mvua ilikatika Mei. Mahindi ya majirani yalikunja majani. Ya Lornah yalistahimili wiki mbili zaidi. Lakini zile siku tisa hazikurudi, na jua kali liliyakuta ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Alivuna magunia matatu. Angepanda mapema, angevuna zaidi; lakini hayo matatu yalimfikisha Desemba.

Mazao mapya nayo huonjwa kwanza na mkubwa. Kabla ya kuvuna, Lornah alivunja hindi moja bichi kutoka shimo la kwanza, akalichoma, akalipeleka mpaka nyumba ya Rachael. Mlango ulikuwa na kufuli. Akaketi kizingitini, hindi mkononi.

Opondo alipita, akasimama, akalitazama hindi.

"Kula," alisema, sauti yake imepungua. "Mkubwa sasa ni wewe."

Lilikuwa limekwisha kupoa. Alilila lote, punje kwa punje, hata zile zilizoungua.