Ng'ombe Wasio wa Mama Kabula

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwa Mtendaji wa Kata ya Kakese nikiwa na viatu vya kisigino, maana niliambiwa nimeajiriwa ofisini. Mtendaji alivitazama, akanitazama mimi, akasema, "Binti, ofisi yako ni ile," huku akionyesha kwa kidevu njia ya vumbi iendayo mashambani. Nikawa Afisa Maendeleo ya Jamii, na visigino nikavivalia kanisani.

Nyie mnaoingia kazini leo mnakuta karibu kila kitu kimo kwenye mashine. Ruzuku ya kaya maskini ilipofika kwetu Katavi, sisi tulipewa semina ya siku chache na furushi la madodoso. Jina lake la kitaalamu ni uhawilishaji fedha. Wanakijiji walisema "hela ya watoto", na hawakukosea sana, kwa sababu kaya yenye watoto ilipata nyongeza kwa masharti: aliye chini ya miaka mitano apelekwe kliniki, na wa umri wa shule ahudhurie darasani. Nesi na mwalimu walijaza mahudhurio, sisi tukazunguka kukusanya fomu.

Kabla ya hayo kulikuwa na utambuzi. Mkutano wa kijiji uliitwa, na watu wakazitaja wenyewe kaya zilizoelemewa, mbele ya kadamnasi. Msidhani ni jambo jepesi. Mzee mmoja wa Kakese alitajwa na jirani yake kwa nia njema kabisa, akainuka na kigoda chake akaenda nyumbani, na hawakusalimiana msimu mzima. Waliokubali kutajwa tuliwafuata majumbani na dodoso: paa la nini, milo mingapi, mifugo mingapi. Majibu yalikwenda makao makuu, na huko ndiko walikochujwa. Kanuni ilitaka mjumbe wa kamati ya kijiji afuatane nasi ili tusidanganywe.

Mratibu wetu wa wilaya alikuwa mtu wa haraka. Alituambia, "Nyie akina mama mnakwenda na huruma. Huruma haina kisanduku kwenye fomu. Uliza, andika, ondoka." Sikumpenda, lakini nilimtii, na ndiyo maana nawasimulia haya.

Nilikuwa nimehamishiwa kata ya Sibwesa. Katika kijiji kimoja huko aliishi Mama Kabula, mjane wa Kisukuma mwenye watoto watatu. Kabula alikuwa darasa la tano, Masanja la pili, na wa mwisho, Limi, bado alibebwa mgongoni. Nyumba ilikuwa ya nyasi, chakula mlo mmoja. Mkutano mzima ulimtaja bila ubishi. Lakini tulipofika kwake tulikuta zizi, na ndani yake ng'ombe kumi na mmoja.

Wasukuma wana desturi wanayoiita kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa watu wa kumtunzia. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, ila ng'ombe si wake, na hatangazi ni wa nani, kwani tajiri hapendi mali yake ijulikane yote. Mimi ni Mkonongo, kwetu tumezoea kuku, lakini nimekulia Mpanda na Wasukuma. Nilijua. Nilijua pia kwamba mjumbe wa kamati aliyesimama nyuma yangu, Mzee Shija, alikuwa na ng'ombe wengi kuliko walioweza kuenea zizini kwake.

Nikauliza, "Mama, ng'ombe hawa ni wa nani?"

Alimtazama Mzee Shija. Mzee alikuwa anaangalia ncha ya fimbo yake.

"Wa hapa," akasema.

"Wako?"

"Ndiyo, zangu."

Ningeweza kumtuma yule mzee akanitafutie maji ya kunywa, nikaliuliza swali upya. Sikufanya hivyo. Tulikuwa na kaya nyingi za kumaliza, na mchana tulikuwa tunapikiwa kwake Shija, kuku na wali. Nikaandika kumi na moja.

Orodha iliporudi, Mama Kabula hakuwemo. Alikuja ofisini na Limi mgongoni, akakaa ukingoni mwa benchi.

"Mama, ng'ombe zile siyo zangu. Ningesemaje, na mwenyewe amesimama?"

Nikajifanya nashangaa. Nikamjazia fomu ya malalamiko, nikaipeleka kwa Mratibu. Akasema haki itendeke: mwenye ng'ombe athibitishe. Nikamfuata Mzee Shija, naye akanijibu kwa upole, "Mama, ng'ombe zangu ziko zizini kwangu. Za mjane ni za mjane." Niliporudi na jibu hilo, Mama Kabula alinishika mkono. "Basi acha. Ukiendelea atazichukua, na watoto wanakunywa maziwa." Hapo ndipo nilipoelewa nimemfunga kwa kamba gani. Akisema kweli anakosa maziwa, na akinyamaza anakosa hela ya watoto. Malalamiko yakafungwa.

Mwaka uliofuata Mzee Shija aliwachukua ng'ombe wake hata hivyo, akahama nao kuelekea kusini. Kabula akaacha shule, akaenda vibarua kwenye mashamba ya tumbaku, na huko huko akaolewa angali mtoto. Masanja alikwenda kuchunga mifugo ya watu bonde la Rukwa, habari zake zikakoma. Limi aliugua msimu wa mvua akafariki, na kadi yake ya kliniki ilikuwa na mihuri miwili tu. Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa cheo na kuletwa Ilembo, mjini. Niliyasikia kwa nesi, nikaenda jikoni kwangu nikalia.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu kulikuwa na utambuzi mpya, na Afisa Ustawi wa Jamii aliyekuwa mkuu wangu akaniomba nisaidie Sibwesa. Safari hii dodoso lilikuwa kwenye kishikwambi, na kishikwambi hakikubali kuruka swali. Nilikaa mbele ya Mama Kabula nikauliza yote, kama yalivyopangwa.

"Watoto walio chini ya miaka mitano?"

"Hakuna."

"Wanaosoma shule ya msingi?"

"Hakuna."

"Ng'ombe?"

"Hakuna, mama."

Safari hiyo alipita. Alinishukuru kwa mikono miwili, nami nikafungua dodoso la kaya iliyofuata.

Nilistaafu kwa soda, keki na kitenge. Vijana wa ofisi huja nyumbani kuniuliza siri ya kazi, na ninawaambia ile niliyonayo: mwenye kusikiliza majibu mtoe kwanza, ndipo uulize. Wanaandika. Wengine wananiona bibi mwenye maneno mengi, na huenda ni kweli. Lakini kuwafundisha wengine hakukunipa usingizi, kwa hiyo mwezi uliopita nilipanda bodaboda hadi kwa Mama Kabula, kumwomba msamaha.

Alikuwa anapukuchua mahindi. Alinipa kigoda, tukasalimiana kirefu. Nikamweleza kilichonileta.

Alicheka kidogo. "Msamaha wa nini? Mimi ndiye niliyekudanganya. Wewe umeandika nilichosema. Miaka yote hii nakuonea huruma, nasema, yule mama wa watu nilimponza kwa mkubwa wake."

"Mama Kabula, hukunidanganya. Nilijua ng'ombe ni wa Shija. Nilijua palepale."

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alijikung'uta, akabeba ungo wake wa mahindi na kuingia ndani. Nilisubiri kidogo, nikaaga nikiwa mlangoni. Mgeni kwetu husindikizwa hata kama mlikuwa mnagombana. Nilitembea peke yangu hadi barabarani.