Chupa Mbili za Shangazi

Kazi yangu ni kutengeneza masomo ya mtandaoni ya wakulima. Jirani zangu hapa Kitui mjini hudhani ninauza kompyuta, na nimechoka kuwarekebisha. Mwaka juzi nilipewa kozi ya kuhifadhi mahindi yasishikwe na ukungu. Niliandika slaidi thelathini zenye picha safi, nikawapa wakulima wachache wazijaribu. Wengi waliishia slaidi ya nne. Mmoja aliniandikia kwa upole: "Somo ni zuri, lakini nimelala."

Kwa siku tatu nilibadilisha rangi tu. Kijani ikawa bluu, bluu ikarudi kijani. Siku ya nne nilifunga kompyuta nikaenda Kanyangi kwa shangazi yangu. Walikuwa wakipukuchua mahindi, na nilijua muthokoi, ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hautakosekana.

Shangazi ni mjane, na ndiye huanzisha nyimbo kanisani kwao. Siku hiyo alikuwa na mke wa mwanawe, msichana wa Nyeri aliyeolewa pale mwezi uliotangulia. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai mawili.

"Mama, haya si yamekauka sasa?" msichana aliuliza.

Nilijua jibu. Lilikuwa slaidi ya sita. Nilifungua mdomo, shangazi akanitupia jicho, nikaufunga.

Aliingia ndani akatoka na chupa mbili kavu za soda na pakiti ya chumvi. Akatia mahindi ya turubai moja katika chupa hii, ya turubai la pili katika ile, akaongeza chumvi, akatikisa, akaziweka juu ya kigoda.

"Moja ya hizi itatuaibisha," alisema. "Niambie ni gani." Akaenda kulisha kuku.

Msichana alizigeuzageuza. Akarudi kwenye maturubai, akanusa, akatafuna punje. Shangazi aliporudi baada ya kama robo saa, msichana alikuwa ameshaamua: ya kulia ndiyo mbaya, kwa sababu mahindi yake hayakuwa meupe sana.

"Angalia chumvi, si mahindi."

Katika chupa ya kushoto chumvi ilikuwa imegandamana kwenye kioo. Ile aliyoiamini ndiyo iliyokuwa na unyevu.

"Ngai!" Alishika kichwa akicheka. "Na hiyo ndiyo nilikuwa nataka kujaza gunia!"

Kisha maswali yakamtoka kama maji. Chumvi inajuaje? Tuanike siku ngapi tena? Na mvua ikija? Shangazi alimjibu yote. Mimi nilikaa na sahani yangu ya muthokoi ikipoa mapajani, nikiona aibu na furaha kwa pamoja. Slaidi zangu thelathini zilijibu maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameuliza.

"Shangazi, naweza kukurekodi ukifanya hivyo tena?"

"Ngoja nivae vizuri." Alirudi na sare yake ya kwaya. Jogoo alituharibia mara mbili. Mara ya tatu tulimwacha awike.

Kozi sasa inaanza hivyo, bila makaribisho wala malengo ya somo: chupa mbili, shangazi, na swali lake. Usipochagua, huendi mbele. Maelezo yanakuja baadaye, mtu akishakosea.

Wiki ya kwanza mkulima mmoja wa Tseikuru alinitumia ujumbe wa sauti. "Mwambie huyo mama nimemaliza masomo yote, lakini pale mwanzo alinidanganya!" Nyuma yake mwanamke alikuwa akicheka hadi anakohoa. Nilimpigia shangazi nikamsikilizisha, akataka kuusikia mara tatu.

Kozi iliyofuata ilikuwa ya mbuzi. Shangazi alikataa katakata, akanituma Makueni, kwa dada yake wa Kasikeu. Huyo hakuningoja hata nimalize kusalimu. Alinipa kamba yenye mbuzi mgonjwa upande wa pili, akasema, "Haya, mwalimu. Anaumwa wapi?"