Neno la Mjomba wa Kilambo

Nilikwenda Mtwara kwa sababu nilichoka kuwajadili akina mama ambao sijawaona. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mzaliwa wa Tukuyu, na mwaka huu niliingizwa kwenye jopo la wataalamu wanaoandaa mwongozo wa kuwahudumia wanawake wanaougua huzuni nzito baada ya kujifungua. Wengine walitoka nchi za mbali, ambako wamekwisha kuandika miongozo kama hiyo. Kikao kilikuwa Shangani, mtaa wa hapo hapo Mtwara, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi cha kugandisha mate. Nikasema, jamani, tutoke tukawaone wenyewe. Kiongozi wetu, Dokta Neema, mama wa Moshi asiyependa mabishano, akaomba gari na kusema tutakwenda wawili.

Asubuhi tulishika njia ya Msimbati. Mikorosho kulia, mikorosho kushoto, na mihogo iliyomenywa imeanikwa juu ya mabati. Karibu na kijiji mchanga ukawa mwingi, dereva akatushusha tusukume, na viatu vyangu vya kikao vikaishia hapo. Nilicheka peke yangu. Dokta Neema hakuona cha kuchekesha.

Zahanati ilikuwa imejaa vichanga, lakini wengi waliovibeba walikuwa mabibi. Nikauliza mama zao wako wapi.

"Ndani," akajibu mmoja, Bi Mwanaisha. "Arobaini haijaisha. Mzazi hatoki hovyo, mwanangu."

Kumbe ndiyo maana! Akina mama wachache waliokuja kutuona walikuwa wazima, wanacheka, wameshamaliza siku zao za kukaa ndani. Bi Mwanaisha akanivuta pembeni, mjukuu wake kifuani. "Nesi, mkwe wangu si mzima. Hali wala halali. Njooni nyumbani mumwone."

Mchana tulikuwa kwake. Mkwe wake, Zuhura, alikuwa ameketi kitandani, amejifunika kanga mbili na joto lote lile. Binti mdogo, mzazi wa mara ya kwanza. Nikamsalimu, nikakaa mkekani, nikangoja aseme mwenyewe.

"Dada," akasema baadaye, "nikimtazama huyu mtoto sioni kama wangu. Naona angepata mama mwingine ingekuwa heri."

"Unataka msaada?"

"Nataka nilale. Nataka niwe kama zamani."

Dokta Neema akazungumza naye taratibu, kisha akatoka kupiga simu. Hospitali mjini wangempokea kesho yake. Ulikuwa ugonjwa unaotibika, na tulimwambia hivyo. Zuhura akanishika mkono. "Gari litakuja kweli?"

"Litakuja. Na mimi nitakuwemo."

Ikabaki ruhusa, maana alikuwa bado ndani ya arobaini. Mumewe, Saidi, alirudi kutoka pwani miguu imejaa mchanga, akasikiliza, akasema bila kusita, "Mimi nimeridhia. Mchukueni." Loo, nilivyofurahi! Kwetu Tukuyu mume akishasema hivyo, mnapakia mizigo. Dokta Neema naye akampongeza kwa kumpa mkono.

Mlangoni Bi Mwanaisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kwao Zuhura?"

"Mama, mume si ameshasema?"

Akanitazama, akasema haya, kwaherini, na kwamba usiku huo atalala na Zuhura chumba kimoja. Sisi tukarudi mjini tukila korosho njia nzima, tunapanga namna ya kukisimulia kikao mafanikio yetu.

Kesho yake mapema tulitandika godoro jembamba kwenye kiti cha nyuma, tukaenda. Bi Mwanaisha alikuwa kibarazani, mikono mitupu.

"Yuko wapi?"

"Mjomba wake anayekaa Kilambo kamfuata alfajiri. Saidi aliwapigia simu jana usiku kuwajulisha. Kujulisha, nesi, si kuuliza! Kwao ni Wamakonde, mwenye neno juu ya mtoto wa dada ni mjomba. Kaja kakasirika, kamchukua yeye na mtoto. Wako Kilambo, wanavuka mto Ruvuma, anampeleka kwa mama yake ng'ambo ya mpaka."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Nilikuuliza, mwanangu."

Saidi akaingia garini nasi. Tulifika njia panda, tukageuka kushika ya Kilambo. Hapo akasema, "Nilijiona mwanamume," akafunika uso.

Kilambo tuliwakuta kwenye kivuko, wanangoja mtumbwi utolewe maji. Mjomba, mzee mrefu aitwaye Hamisi, alikuwa amembeba mtoto yeye mwenyewe. Nikapiga goti mchangani, Saidi amesimama nyuma yangu. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira, na hilo ndilo liliniumiza. "Ninyi ndio wenye gari?"

"Ndiyo. Tumekosa, mjomba. Zuhura anaumwa, na dawa iko karibu. Turuhusu."

"Mngekuja kwangu jana ningesema ndiyo. Ningepanda hilo gari nikakaa naye huko hospitali. Sasa nimeshawaambia wakubwa wa kwetu kwamba nakuja naye, na mama yake analia tangu usiku. Nitakwenda vipi huko peke yangu niseme wageni wamemchukua?"

Dokta Neema akaeleza ugonjwa wote, hatari yake yote. Mzee alisikiliza vizuri, akachukua namba yangu ya simu, akasema atapiga mama yake Zuhura akiafiki. Nikamwomba asimwache Zuhura peke yake hata kidogo. Akaapa.

Zuhura alikuwa tayari amekaa mtumbwini. "Dada," akaita, "gari limekuja?"

"Limekuja, Zuhura."

Akaliangalia pale juu ya ukingo, mlango wa nyuma uko wazi na godoro linaonekana. Akamtazama mjomba wake. Mzee akamwambia mpiga kafi twende.

Jioni, Shangani, nilisimama kikaoni nikalia mbele za watu, sina aibu nalo. Rasimu ya mwongozo ilisema aulizwe mama mgonjwa, kisha mume. Nikasema iandikwe kwamba kabla ya yote mhudumu aulize nyumba hiyo, nani mwenye neno? Wakabishana sana, kwa kuwa nchi nyingine hazina mjomba wa namna hiyo, wakaishia kuandika "na ndugu wahusika". Ndugu wahusika! Nilikosa nguvu ya kugombana.

Nimerudi Tukuyu na somo moja tu, nalo nalifundisha kila muuguzi mpya: anayekuuliza swali mlangoni, rudi ukae chini umsikilize. Simu yangu siizimi. Ikiita kwa namba ya ng'ambo naipokea hata nikiwa wodini, na mpaka leo mjomba Hamisi hajapiga.